Ugoro Ndani ya Sumaku

Cheptanui alikuwa binti wa kwanza wa kijiji cha Ndabibi kusomea nyaya ambazo jicho haliwezi kuziona.

"Unywele ni gogo mbele ya nyaya hizi," alimweleza babu yake, Mzee Kipkemei. "Moyoni hazipitishi umeme, ila kwenye ngozi unateleza tu. Naziweka kwenye sumaku kubwa, nasikiliza zinavyoitika."

"Na ng'ombe watakamuliwa na hizo waya?"

Nyaya zenyewe zilionekana kama unga mweusi ndani ya kichupa chembamba cha kioo. Mzee alikipenda kichupa hicho, akaomba kingine kitupu, akatia ugoro wake. Usiku huo vyote viwili vililala juu ya meza moja.

Jumatatu alfajiri Cheptanui alinyakua kichupa, akarudi chuoni Nakuru. Sumaku ilikuwa yake siku hiyo tu, hadi saa kumi na mbili jioni; baadaye ingekuwa ya wanakemia mpaka Desemba, na bila vipimo hivyo asingehitimu. Akatumbukiza kichupa, akasubiri telurimu, elementi iliyomo kwenye nyaya zake, iitike. Kimya. Akasubiri tena. Kimya cha makaburini. Saa tano akakitoa, na kifuniko kikachomoka chenyewe. Ajabu, maana chake alikuwa amekibandika kwa gundi! Kabla hajamaliza kushangaa, akapiga chafya saba.

Akapiga simu. "Babu! Usivute kilicho mfukoni mwako!"

"Nivute vipi? Kifuniko kimegandishwa! Tangu asubuhi nakivuta na meno. Nimeaibika mbele ya wazee."

"Meno! Babu, hiyo ni digrii yangu!"

"Basi digrii yako ni ngumu."

Mzee hakukubali kumkabidhi mtu mwingine kichupa hicho. Saa kumi alasiri alisimama mlangoni mwa maabara, amevaa koti la kanisani, mkono mmoja mgongoni.

"Ugoro kwanza," akasema.

Wakabadilishana kama mataifa mawili yanayorudishiana mateka. Ooko, fundi wa maabara, akamvua mzee saa, funguo na mshipi, sumaku isije ikavinyakua. Mzee akaketi, suruali ameishika kwa mikono miwili.

Saa kumi na moja na nusu, mstari uliolala kwenye kompyuta siku nzima ukainuka kidogo.

"Zimeitika!" Cheptanui akaruka.

Mzee akakikodolea macho kilima kile. "Haka ndiko kamenitoa Ndabibi?"

"Kanatosha, Babu. Nitahitimu."

Mzee akainuka kumpa mkono wa hongera. Suruali nayo ikaanza kushuka, akaketi upesi.

"Hongera, mjukuu wangu," akasema. "Mkono nitakupa Ooko akirudisha mshipi."