Chumba cha Orrin Barazani

Verna Tillotson wa Pasadena alikuwa na mdomo, hasa kwenye mambo ya nyumba za watu. Ukipaka rangi nyeupe mbao zako za mwerezi, atakusema. Uking'oa dirisha la mbao ukaweka la aluminiamu, atapita akikutazama kana kwamba umemfukuza mama yako mzazi. Maisha yake yote ya kazi aliwapikia watoto wa shule na kuwagombeza. Alipostaafu, wa kugombezwa wakawa majirani.

Lakini mtaa ulimhitaji. Bangaloo za mtaa ule zilijengwa kwa watu wa kawaida kabla ya vita vikuu vya kwanza: paa la chini, boriti zilizotokeza nje, nguzo za mawe ya mtoni, na mbele baraza pana, uketi jioni usalimiane na wapitao. Ile ya kona ilikwishavunjwa, pakajengwa ghorofa la kupangisha, sura yake kama boksi la viatu. Verna na shoga yake, Delphine Rousseve, wakaanza kupita mlango kwa mlango ili mtaa uandikishwe kuwa wa urithi, nyumba zisiguswe tena. Sharti lilikuwa nyumba za kutosha ziwe katika sura yake ya asili, na mtaa wao ulipungukiwa na mbili tu.

Ndipo akamwendea Harout Bagdasarian, fundi saa wa ng'ambo ya barabara. Nyumba ya Harout, baba yake aliipiga lipu juu mpaka chini alipoinunua, akidhani anaipendezesha. Verna akamtaka aibandue. Harout alimmiminia kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha dirishani.

"Na ile je, bibi?"

Verna hakuwa na haja ya kugeuka. Nusu ya baraza yake ilizibwa kwa plaiwudi na vioo, nguzo moja ikamezwa kabisa. Kile kilikuwa chumba cha mumewe, Orrin. Mapafu yalipoanza kumshinda, vumbi la nje lilimkaba, na chumba cha nyuma kilimtia upweke. Akajijengea mwenyewe pale mbele, akipumzika kila baada ya ubao, na mtu akitaka kumsaidia anakuwa mkali. Humo alilala akiutazama mtaa, na humo alifia.

"Ile ni tofauti," Verna akasema.

"Na lipu ni ya baba yangu," Harout akamjibu kwa upole. "Siku utakayovunja yako, mimi navunja yangu. Sitakuwa na neno."

Verna alikwenda ofisi ya mji kutafuta upenyo. Wakamweleza kwa adabu kwamba hata kilichoongezwa baadaye huhesabiwa kuwa urithi, mradi kiwe kimetimiza miaka hamsini. Cha Orrin hakikuwa kimefikisha hata kumi na miwili.

"Kumbe tungemwambia Orrin augue mapema," alimwambia Delphine.

Delphine alicheka, kisha akamwona uso. Akamwambia asivunje chochote kwa ajili yao; mtaa ukienda na maji, wao wataishi tu. Alisema kwa dhati kabisa, na ndiyo maana ilimuuma Verna zaidi wiki ile walipokuja wajenzi wa maghorofa na kamba zao kupima nyumba iliyopakana na ya Delphine.

Akavuka barabara. "Lete mtaimbo," akamwambia Harout, akarudi kwake kabla hajajibiwa.

Jumamosi Harout akaja. Verna alijifungia jikoni akioka pai ya limau ambayo hakuna aliyeiomba, akaosha vyombo vilivyo safi ili maji yafunike kelele. Hayakufunika. Orrin hakuwa seremala. Alikuwa amepigilia misumari mara tatu ya iliyohitajika, na kila mmoja ulilia ukitoka. Verna naye alilia, mikono ndani ya povu.

Alipotoka, mbao zilikwisha kuondolewa na sakafu imefagiwa. Harout alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Mumeo alipigilia kama mtu asiyetaka kuondoka," akasema.

Jumatatu alianza kubandua lipu ya baba yake. Hakungoja kukumbushwa.

Mkaguzi wa mji alikuwa binti mchangamfu. Alizishika nguzo za mawe, akarudi nyuma hadi barabarani kuitazama baraza yote kwa furaha ya kweli, akasema imerudi vilevile ilivyojengwa. Kisha, kwa kuwa ndivyo kazi yake ilivyotaka, akauliza kama kuna chochote cha asili kinachokosekana.

"Mume wangu," Verna akasema.

Binti akamshika bega. Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akaandika kwamba nyumba imekamilika.