Ardhi Yangu, Maji ya Watu

Niliuza bangili zangu zote za dhahabu nikanunua shamba pembeni mwa mji wa Ibra, bara kutoka Maskati, na nililipendea kitu kimoja: mfereji wa falaji, ule wa kale uletao maji kutoka milimani, ulipita katikati yake, maji baridi yakitiririka mchana na usiku. Sisi tuliotoka Unguja tumezoea mvua. Tulidhani mtu akishanunua ardhi, kilichomo ni chake. Mie nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Shamba zuri hivi, bei ya kutupa, na hakuna aliyeliona ila mimi?

Asubuhi ya kwanza nikachukua jembe, nikaziba mfereji na kuyageuzia maji kwenye majaruba yangu. Hayajafika mbali, jirani yangu, mzee mwenye mitende mingi, akaja mbio kashika kanzu. "Binti yangu, ardhi ni yako," akasema kwa Kiarabu, "lakini maji haya, saa hii, ni yangu." Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe maji ya falaji yana wenyewe. Huyu ana saa zake, yule ana nusu saa yake, na wanarithiana tangu enzi za mababu. Aliyeniuzia shamba, maji yake alikwisha kuyauza zamani kwa mtu mwengine. Ndiyo maana ya ile bei.

Mume wangu, karani wa serikali, mtu asiyependa makelele, akasema tuuze. Jirani alikuwa tayari kununua, kwa nusu ya nilichotoa. Nikawaka. Nikamwambia bangili zilikuwa zangu na shamba ni langu, na kama anawaonea haya watu, basi akae ndani yeye, nitoke mie. Akanywea, lakini akanipa sharti: kiangazi kikiingia na shamba halijanipa kitu, linauzwa.

Nusu saa za maji ya kukodi zilikuwa zikinadiwa kila wiki karibu na msikiti, wanaume wamekaa chini wanapandishiana bei. Mie siwezi kukaa pale, kwa hivyo nikamtuma mume wangu. Akenda uso umemshuka, maana kila akifungua kinywa, Kiarabu chake kilinuka Unguja na watu wakamcheka. "Usigombee ya alfajiri," nikamfunza. "Chukua isiyotakwa na mtu." Akarudi na nusu saa ya adhuhuri, jua la utosi, maji yanapopungua njiani kabla hayajakufikia.

Maji hayo hayakutosha mitende wala majani ya mifugo, na hivyo viwili ndivyo vilivyolimwa na kila mtu. Mie nikapanda mchicha. Mbegu alinipa shangazi yangu wa Maskati, kazifunga kwenye pindo la kanga. Maji niliyakinga kwenye birika la saruji, na kila jioni nikanyunyizia kwa kopo, jaruba baada ya jaruba, mgongo ukiniuma na mdomo ukimlaani aliyeniuzia shamba.

Mchicha ulipoota, jirani akaja kuchungulia, akanihurumia kweli. "Binti yangu, haya magugu. Sisi tunawapa mbuzi."

"Ngoja uwaone mbuzi wangu," nikamwambia.

Ibra ilijaa Waunguja, na wote walikuwa na hamu ya mchicha wa nazi. Bibi wa kwanza niliyempelekea fungu aliunusa kabla hajaniamkia. Wiki ya pili wakaja wenyewe, kisha wakaanza kuja kwa magari kutoka miji ya Mudhaibi na hata Izki, wakigombania mafungu mlangoni kwangu. Nikaongeza bamia na bilingani. Kiangazi kiliingia, na mume wangu akawa anauza mboga ofisini, kazipakia kwenye buti la gari. Lile sharti hakulitaja tena. Nilikuwa nikimtajia mimi, kila siku, kwa raha zangu.

Mwaka uliofuata mtu mmoja akatangaza kuiuza nusu saa yake ya alfajiri, kuiuza kabisa, si kukodisha. Nikampa mume wangu yote niliyopata kwenye mboga, nikakaa kumngoja, roho juu. Akarudi, akasimama mlangoni na kilemba chake kichwani.

"Nilipandisha, wakacheka," akasema. "Nikapandisha tena mpaka wakanyamaza. Wakaniuliza waandike jina la nani. Nikawaambia la mke wangu, na nikalisema kwa sauti, wote wasikie."

Nikalia kwa kwikwi, bila ya haya. Alfajiri yake nikajifunga mtandio, nikatoka mapema. Maji yangu yalikuwa njiani yanakuja.