Atokaye Ndiye Mwakilishi

Chama cha madaktari wa afya ya wafanyakazi makazini, tawi la kusini mwa Scotland, kina katiba nzuri yenye jalada gumu. Lakini wee, kinaendeshwa na desturi moja tu: asiyekuwemo chumbani wakati wa uchaguzi, ndiye anayechaguliwa. Hana mdomo wa kukataa.

Daktari Ewart Gillespie alilijua hilo kwa kuumwa nalo. Miaka sita nyuma alitoka kidogo kusogeza gari. Kurudi, anapigiwa makofi. Mwakilishi wa Kanda na wa Kimataifa! Tangu siku hiyo akawa mtu wa viwanja vya ndege. Hata harusi ya binti yake aliihudhuria kwa simu, huku mjumbe mwingine akihutubia mkutano juu ya vumbi la saruji.

Sasa muhula ulikuwa unaisha, na mkewe, Ishbel, alikwishanunua karavani, ile nyumba ya kukokotwa na gari, wakatembee wawili.

"Ukirudi na kile cheo," alimwambia asubuhi, "mimi naondoka peke yangu."

"Sitoki chumbani hata hoteli iungue."

"Na chai usinywe, nakujua!"

Akanywa, palepale mkutanoni. Mvua inapiga dirishani, biskuti za siagi ziko mezani, angefanyaje?

Ulipofika uchaguzi, mwenyekiti, Daktari Pringle, akauliza nani anajitolea. Watu wakatazama viatu vyao. Saa nzima ikapita hivyo. Kibofu cha Ewart kilikuwa kimejaa pomoni. Akapepesa macho kando: kumbe hayuko peke yake! Madaktari wazima, kila mmoja kabana mapaja, jasho linamtoka. Na ndio hao hao wanaowafokea wenye viwanda kwamba kumnyima mfanyakazi ruhusa ya kwenda chooni ni unyama. Ewart mwenyewe juzijuzi alimtoa jasho meneja wa kiwanda cha samaki kwa kosa hilohilo. Aibu ikamshika.

Jirani yake alikuwa Daktari Mairead, mjamzito wa miezi minane.

"Unavumiliaje, mwanangu?" alimnong'oneza.

"Sivumilii, mzee. Huyu mtoto kanikalia kibofu. Lakini nikitoka tu, nitakuja kunyonyeshea mkutanoni Brazili."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Ewart akaiwaza karavani, akamwaza Ishbel na maneno yake ya asubuhi. Ilimuuma, tena sana. Akainuka.

"Kaa, Ewart!" Pringle alimwonea huruma. "Kaa, bwana!"

"Nakwenda kukojoa," alisema kwa sauti, akatoka.

"Gillespie!" wakaitikia wote kwa pamoja. "Amepita!" Hapo viti vikaburutwa, na chama kizima kikamiminika nje mbio kuelekea chooni, Mairead akisindikizwa mbele. Choo chenyewe kilikuwa kimoja, na wote wakampita Ewart njiani. Mwakilishi wa kanda na wa dunia nzima akajikuta wa mwisho kwenye foleni, kapishanisha miguu. Akampigia mkewe.

"Umekunywa chai," alisema Ishbel, hata salamu hakuna.

"Nimekunywa." Akamweleza habari ya Mairead.

Ishbel akadakia: "Miezi minane?"

"Minane."

"Na hakuna mwingine aliyeinuka?"

"Hakuna."

"Ungebaki umekaa, Ewart, ningekufungia mlango. Wa karavani na wa nyumba." Akavuta kamasi. "Haya, kojoa urudi."

"Bado wako wanne mbele yangu, mke wangu."