Kofia Juu ya Kamera

Verlyn Haugen wa mji wa Duluth huandika riwaya za kisayansi za kuonya watu: mtandao ukiingia kila chumba, utu utatoka kwa mlango wa nyuma. Lakini jikoni kwa baba yake, mtaa wa pili tu, amefunga kamera ya kumwangalia kwa simu, ati kazi zimembana hapati nafasi ya kwenda.

Jana alimwona mzee kwenye simu, ameinua riwaya yake mpya.

“We binti, kitabu chako nimekimaliza. Huyu mtoto anayemchungulia babake kwa mitambo, mbona hana haya? Ukitaka kujua kama niko hai, njoo tunywe kahawa!”

Akaifunika kamera kwa kofia.

Verlyn alilia kwa aibu. Lakini kabla ya kushika ufunguo wa gari, aliyaandika kwanza maneno yale. Kitabu kijacho kingeyahitaji.