Maua ya Nta ya Reva Galford

Reva Galford alikuwa na miaka sitini na mitatu, na mara ya mwisho alipopanda baiskeli alikuwa bado ana meno yake yote. Lakini Jumapili ya mwisho ya Mei, saa tatu na nusu asubuhi, alikuwa amesimama mbele ya duka la kukodisha baiskeli, amevaa gauni la kanisani na viatu vya bustani, kwapani ana boksi lililojaa maua ya karatasi.

"Na gauni hilo, mama?" Wendell, dereva wa gari la kupandisha baiskeli milimani, alimtazama juu mpaka chini. "Mnyororo utalitafuna kabla hujamaliza maili moja."

"Likitafunwa nitashona."

"Haya, mimi simo. Nikushushe wapi?"

"Nguzo ya maili thelathini na moja. Kurudi nitajiendesha mwenyewe."

Wendell akaitupa baiskeli kwenye tela. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mlima, aliyehamia bondeni miaka minne tu iliyopita, na alipoambiwa thelathini na moja alielewa thelathini na moja.

Siku ile ilikuwa ya kupamba makaburi. Watu wa bonde hung'oa magugu, huinua udongo uwe tuta jipya, kisha huweka maua yaliyochovywa kwenye nta ili mvua isiyaharibu. Saa sita kamili mchungaji huita majina ya waliokufa tangu Mei iliyopita, na kwa kila jina mtu wa nyumba hiyo huitika kwa niaba ya marehemu: "Hapa." Jina huitwa mara tatu. Lisipoitikiwa linapitwa, wimbo unaanza, na habari yake imekwisha.

Mume wa Reva, Dorsey, alikufa Februari. Hawakujaliwa mtoto. Wa kuitika alikuwa Reva peke yake.

Wifi yake, Delphia, alikuwa amemwambia waende pamoja na kundi la kanisa, waliotembea tangu alfajiri kutokea chini. Reva alikataa. Alichoka kupigwapigwa mgongoni. Tangu Februari watu walimletea makaroni kwenye mabakuli, wakamtazama machoni kama wanaosubiri chungu kichemke, naye hakuchemka. Alikula makaroni yao, hayakuwa na ladha. Aliosha mabakuli, akayarudisha. Hakulia hata siku ya mazishi. Hakuwa amejikaza, la. Alitafuta kilio ndani yake kama mtu anavyotafuta funguo mfukoni, akakuta mfuko mtupu.

Gari lilimshusha pale barabara inapokutana na njia ya baiskeli, likaondoka. Reva akafunga boksi kwenye keria kwa kamba na kutazama huku na huku. Mto ulikuwa upande wake wa kushoto, mpana, wa kijani, ukipita juu ya mawe bila haraka. Mahali pale hapakufanana na alipopategemea. Lakini tangu Februari hakuna mahali palipofanana na palivyokuwa, hata jiko lake mwenyewe, kwa hiyo hakushtuka. Akaanza kutafuta kijia cha kwenda makaburini.

Hakukiona. Alichoona ni mzee Hobert Cassell, aliyefanya kazi na Dorsey kwenye reli, ameketi juu ya ndoo anavua samaki.

"Shemeji! Umefuata nini huku juu? Au umeolewa na mwendesha baiskeli?"

"Natafuta makaburi, Hobert. Nimeshuka nguzo ya thelathini na moja."

Hobert akaitazama ile nguzo mpya ya mbao, kisha akamtazama Reva, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Ee Mungu wangu. Umemwambia dereva hesabu ya Dorsey."

Ndivyo ilivyokuwa. Zamani njia ile ilikuwa ya treni ya kubeba mbao. Dorsey aligongomea mataruma yake, yale magogo yanayobeba reli, miaka ishirini na sita, na treni ilipokufa akaajiriwa kuyang'oa yale yale. Watu wa reli walihesabu maili kutoka chini, mto unapoishia. Watu wa baiskeli wakaja na nguzo zao, wakahesabu kutoka juu. Nyumbani kwa Reva hakuna aliyewahi kuhesabu kutoka juu. Ndizi ziliuzwa maili ya tisa, Delphia alikaa maili ya ishirini, na makaburi yalikuwa thelathini na moja.

"Nguzo ya treni iko wapi?"

"Huko chini, maili kumi na moja. Sasa hivi ni saa nne na nusu." Hobert akakuna shingo. "Rudi zako nyumbani, shemeji. Dorsey hatakununia."

"Barabara ya msituni ya kushuka makaburini je?"

"Ilibebwa na mafuriko ya Machi, unajua. Na gari haliruhusiwi kwenye njia hii, hata la maiti."

Reva akapandisha gauni, akalifunga fundo kiunoni.

"Breki ni ipi?"

"Zote mbili! Usiishike ya mbele peke yake, itakurusha mtoni, na mimi nimekuja kuvua samaki aina moja tu!"

Maili ya kwanza aliyumba kama ndama. Ya pili aliacha kuyumba. Reli haipendi mteremko mkali, kwa hiyo njia ilishuka polepole mno. Akiacha kukanyaga baiskeli ilisimama, akikanyaga ilikwenda. Alikanyaga. Nguzo mpya zilipanda, thelathini na tatu, thelathini na nne. Za zamani za zege, zilizofunikwa na kuvu, zilishuka: arobaini, thelathini na tisa. Kwenye madaraja ya chuma mbao zilinguruma chini ya magurudumu. Ndani ya handaki alishuka, akasukuma gizani, maji yakimdondokea shingoni, na alipotoka upande wa pili jua lilimpiga usoni pa! Wapita njia walimpigia kengele, "Hongera, bibi!" Yote aliyaona. Yalipita kando yake kama mambo ya nyumba ya jirani.

Akiwa kwenye daraja la mwisho alisikia kuimba.

Wimbo. Maana yake majina yameshaitwa.

Aliiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya zege iliyoandikwa 31, akalifungua boksi kwenye keria, akapanda kijia nalo. Watu wakanyamaza ubeti wa pili haujaisha.

"Dada Reva," alisema mchungaji Arvil, "tulimwita mara tatu."

"Nani aliitika?"

Delphia akainamisha kichwa. "Nilitaka mimi. Nikashindwa."

"Mwite tena."

"Dada, wimbo ukishaanza haturudi nyuma. Unajua."

"Nimetoka thelathini na moja ya juu, Arvil. Mwite."

Mchungaji akatazama fundo la gauni, grisi ya mnyororo, magoti ya bibi. Akafungua daftari.

"Dorsey Galford."

"Hapa," alisema Reva, kwa sauti kavu kama ya mtoto anayeitika darasani.

Hakuna kilichofuata. Alingoja kilio, labda sasa. Hapana. Akafungua boksi. Jua lilikuwa limeyeyusha nta, na maua kumi na mawili yalikuwa yamegandana yakawa donge moja la rangi zote. Akaliweka hivyo hivyo juu ya tuta.

Delphia akamsogezea sahani: kuku, mkate wa mahindi, yai la kuchemsha lililojazwa kiini kilichopondwa. Reva akaketi kwenye nyasi, akaling'ata yai. Akatafuna, akaacha, akatafuna tena. Lilikuwa na ladha.

"Umetia chumvi nyingi," alisema.

"Nini?"

"Kwenye mayai. Chumvi imezidi."

Delphia akavuta bakuli la mayai karibu. Akamwongezea jingine.