Matone ya Ardis Holcomb

Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya ngoma, Ardis Holcomb alijaribu kumwita paka wake akatoa sauti ya bawaba iliyoshika kutu. Paka alimtazama, akafikiri kidogo, akaenda zake kwa jirani.

Hapo Ardis alishikwa na hofu. Kwa miaka thelathini na nane yeye ndiye aliyekuwa mwita hatua wa Wexcombe. Husimama jukwaani kando ya mpiga fidla na kupaza sauti, huyu amshike yule, safu hii ipite chini ya mikono ya safu ile, na watu themanini wasiojua kushoto wala kulia wakazunguka bila hata mmoja kukanyagwa. Zamani kila mji katika vilima vile vya Connecticut ulikuwa na mwita hatua wake. Wamekufa mmoja mmoja, na watoto wao wamezipeleka fidla dukani zikatundikwe ukutani kuwa mapambo. Na sasa kamati ya ukumbi wa wakulima, ambayo haina mkulima hata mmoja, ilikuwa imekwisha kupitisha azimio: Ardis akishindwa kuita Jumamosi hii, basi ngoma ndiyo mwisho, na ukumbi utakuwa wa wale wanaocheza mpira wa plastiki wenye matundu. Sakafu itapigwa mistari ya rangi. Mistari ya njano, juu ya mbao zilizolainishwa na soli za viatu kwa miaka mia moja na kumi!

Chanzo cha yote ni kupe mdogo kama punje ya ufuta, aliyemuuma nyuma ya goti wakati wa kiangazi. Hakumwona. Agosti magoti yakavimba, daktari akapima damu, akasema ni Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe, akampa vidonge vya wiki nne. Ardis akavimeza, magoti yakaanza kunywea, na mambo yangeishia hapo kama asingekwenda kwenye duara.

Duara ni wagonjwa wa Lyme wa Wexcombe, wanaokutana kila Jumatatu katika chumba cha chini cha kanisa, kwa kahawa na keki ya maboga. Anayeliongoza ni Corliss Vandermeer, mwanamke mwenye moyo mwema na sauti ya kubembeleza watoto, aliyehamia pale miaka minne iliyopita na tayari anamfundisha kila mtu namna ya kuishi, hata ya kupumua. Corliss ndiye aliyemwambia Ardis kwamba vidonge vya hospitali vitamchoma ini, na ndiye aliyempa chupa ndogo ya matone ya mitishamba ya kulilinda. Duara hilo lina imani moja isiyohojiwa: dawa ikikutesa, ujue vijidudu vinakufa.

"Tangu nianze yale matone midomo inaniwasha," Ardis aliwaambia Jumatatu ile.

"Vinakufa!" Corliss alipiga makofi. "Jamani, vya Ardis vinakufa!"

Chumba kizima kikapiga makofi. Mzee mmoja mwenye mkongojo alitikisa kichwa kwa wivu. "Mwenzetu una bahati. Mimi nina miezi sita, hata kipele kimoja sijapata."

"Unatia matone mangapi, mpenzi?" Corliss aliuliza.

"Matatu."

"Tia kumi. Usivipe nafasi ya kupumua."

Ardis akarudi nyumbani kifua mbele. Jumanne alitia kumi, akapiga chafya kumi na tisa mfululizo, na kila chafya aliisindikiza kwa kupunga mkono dirishani: kwaherini, wadudu nyie, msalimieni kupe. Macho yakawa mekundu, akafurahi. Shingo ikatoka vipele, akajiangalia kiooni akafurahi zaidi. Mtu hajawahi kufurahia kuumwa kiasi kile. Hadi paka alipomkimbia.

Adhuhuri ya Jumatano hiyo akaja Lucien Gagnon na fidla yake, ili wafanye mazoezi. Lucien ana miaka themanini na moja, hasikii vizuri sikio la kushoto, na hajawahi kumsifia mtu katika maisha yake.

"Mama yangu!" alisema mlangoni. "Nani kakupiga?"

"Sijapigwa. Napona," Ardis alikwaruza.

"Unapona nini? Midomo imekuwa maandazi, na sauti ndiyo hiyo ya bata mwenye mafua. Jumamosi utaita nini, wewe, bata wenzako?"

"Vijidudu vinakufa, mzee wewe. Hujui kitu. Ni matone."

Lucien akaikamata chupa, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akaigeuza. Kwenye karatasi ya chupa palichorwa ua la zambarau lenye miiba. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu mzima kujishika mbavu, mpaka akatafuta kiti.

"Ardis. Mbigili huu."

"Ndiyo. Unalinda ini."

"Umesahau maonyesho ya tufaha? Ulipotawazwa malkia?"

Ardis akafumba macho. Nani angesahau? Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walimvika taji la maua ya daisi, na kabla gwaride halijafika kwenye daraja uso ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Alirudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa nyasi kavu, na taji akapewa binti wa muuza maziwa.

"Lakini yale yalikuwa daisi."

"Ni binamu wa mbigili! Mama yako hakulala wiki ile, alizunguka mji mzima akiwaambia watu: daisi, kamomili, yale magugu ya Agosti, mbigili, wote ni ukoo mmoja wa majambazi na wote wanamtaka binti yangu. Muuza duka alikataa kukuuzia chai ya kamomili. Mchungaji alitupa maua ya harusi yako nje ya kanisa. Mimi mwenyewe nilikatazwa kukupa ua, na nilikuwa nimeshalichuma!"

Ndivyo mji ulivyokuwa. Watu walijua nani anavimba kwa nini, nani asipewe maziwa, nani akicheka sana huzimia. Walijifunza kwa mama wa mtu, tena bila kuomba. Leo wote wale wako makaburini, na nafasi yao imechukuliwa na duara la wageni wanaopiga makofi mtu akivimba.

Ardis alimpigia simu muuguzi. Muuguzi aliuliza maswali mawili, kisha akapandisha sauti: matone hayo yamwagwe sasa hivi, vidonge viendelee, damu ipimwe kesho, na pumzi ikibana hata kidogo aite gari la wagonjwa. Ardis akayamwaga kwenye sinki. Lucien alisimama kando yake, ameinamisha fidla, akapiga wimbo wa mazishi.

Alhamisi damu ikapimwa. Ijumaa jibu likaja: ini zima, halijachomwa na chochote. Midomo ilikuwa imerudi mahali pake. Sauti ndiyo ilibaki nusu. Siku hizo mbili Lucien hakumruhusu kusema neno, akawa anajibiwa kwa kugonga kijiko mezani: mara moja ndiyo, mara mbili hapana, mara tatu ondoka kwangu.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulijaa. Kamati ilikuja na kopo la rangi ya njano, ikaliweka karibu na mlango bila haya. Ardis akapanda jukwaani, akafungua kinywa.

"Shikeni wenzenu!"

Sauti ilikuwa nzito kuliko zamani, ina mikwaruzo, lakini ilifika hadi ukuta wa nyuma ikarudi. Ukumbi ukanguruma. Lucien akainua fidla.

Ndipo Corliss alipokuja mbio na kundi lake lote la duara, mikongojo na vyote, uso unang'aa kwa furaha. "Ardis mpenzi, umepona! Nilikwambia vitakufa!" Na mikononi alikuwa na taji kubwa la maua ya Septemba, ya njano na ya zambarau, yote ya ukoo ule ule, ameshaliinua juu ya kichwa cha Ardis.

Lucien hakuwahi kukimbia tangu alipotimiza miaka sitini. Siku ile alikimbia. Alilinasa taji kwa ncha ya upinde wa fidla, akalizungusha mara moja hewani, akalirusha. Likapaa juu ya vichwa, likatua juu ya kopo la kamati.

"Maua yangu!" Corliss alipiga kelele. "Wewe mzee una wazimu?"

Vicheko vilikuwa vimeshaanza. Ardis hakungoja.

"Jirani na jirani!" aliita kwa nguvu zake zote. "Mshike, mzungushe!"

Jirani wa Corliss wakati ule alikuwa Lucien. Akamshika, akamzungusha, na Corliss, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimfundisha kila mtu kupumua, akaishiwa pumzi, akaanza kucheka.

"Bila fidla?" mtu aliuliza, maana mpiga fidla mwenyewe alikuwa anacheza.

"Pigeni miguu!" Ardis akajibu. Wakapiga, wenye mikongojo wakagonga mikongojo, na mbao za miaka mia moja na kumi zikaitikia.