Siku Bibi Alipomlilia Zawena

Juzi nilikuwa nimejilaza sebuleni kwangu hapa Tunduma, nasoma riwaya kwenye simu, moja ya hizi za siku hizi ambazo malkia ana mabawa na mpenzi wake amelaaniwa kuwa mbwa mwitu. Nikafika pale wanapoachana. Machozi yakanitoka, na kamasi zikafuata. Binti yangu akachungulia kutoka jikoni, kashtuka kweli, "Mama, kuna msiba?" Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka, kwa sababu swali hilo niliwahi kulisikia zamani, kijijini Hasamba, nyumbani kwa bibi yangu.

Ngoja nikusimulie.

Nililelewa na bibi mzaa mama, miaka ya tisini mwanzoni, katikati ya kahawa na migomba. Mama yangu alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia, kwa mume ambaye bibi hakumtaka. "Hatujui kwao, hatujui ndugu zake," bibi alisema, na baada ya hapo jina la mama halikutajwa tena pale nyumbani. Barua zake mbili zilikuja. Bibi hakujua kusoma, na mimi hakuniruhusu nizifungue. Alizipandisha darini, basi.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili, dada mmoja kijana mwenyeji wa Tanga, aliniazima riwaya aliyoinunua Tunduma. Alikuwa ameivalisha karatasi ya kaki na kuandika juu yake "Hisabati". "Ukikamatwa nayo, mimi sikujui," aliniambia. Ndani yake kulikuwa na binti aitwaye Zawena, aliyependwa na jini, mwana wa mfalme wa ziwani.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi kali, msimu wa kahawa. Kila jioni nikitoka shule nilikaa na bibi kando ya kichanja cha kuanikia kahawa tukiondoa punje mbovu. Vidole vikifa ganzi tulivipasha kwenye vikombe vya chai ya maziwa, na sahani ya magimbi ya kuchemsha haikukosekana. Bibi ndiye aliyeanzisha mambo. "Soma kwa sauti, niisikie hiyo hisabati inayokuchekesha."

Nikasoma. Jini alipomletea Zawena pete, bibi akasonya. Alipomwita kwa jina kutoka ndani ya maji, bibi akaacha kuchambua. "Mwambie asiitike!" akanifokea, kana kwamba ningeweza kumfikia.

Siku tuliyofika pale Zawena anapozama, na mama yake anabaki ukingoni mwa ziwa ameshika kanga ya mwanawe, bibi alitupa ungo akapiga yowe. Kilikuwa kilio cha msibani kabisa, mikono kichwani. "Zawena wee! Mwanangu wee!" Sauti ikavuka migomba yote. Hazikupita dakika nyingi jirani yetu akaja mbio, mama mmoja mnene mwenye huruma, kanga kaifunga kiunoni, na kichwani kabeba unga wa kusaidia wafiwa.

"Mama, kuna msiba? Nani ametutoka?"

"Zawena," bibi akajibu kwa kwikwi.

"Masikini! Zawena yupi?"

Bibi akanyoosha kidole kwenye kitabu.

Jirani alinitazama mimi, akakitazama kitabu, akamtazama bibi. Nilijua tumekwisha. Badala yake akatua unga wake, akavuta kigoda. "Anza mwanzo," akaniambia. "Na mimi nimlie vizuri."

Unga ule tuliusongea ugali jioni ileile, tukala na maharage, na tangu siku hiyo wasikilizaji wangu wakawa wawili. Shida ilikuja tulipofika mwisho. Kumbe kile kilikuwa kitabu cha kwanza tu! Kiliishia Zawena yuko chini ya ziwa, ameolewa, anampenda mumewe, na njia ya kurudi kwa mama yake itafunguliwa siku moja tu. Jirani akasema akae na mumewe, kwani amemkosea nini? Bibi akasema mtoto ana mama. Wakabishana mpaka Kiswahili kikamwishia bibi akahamia Kinyiha, na jirani akaondoka bila kuaga. Wiki tatu hawakusalimiana. Nilichambua kahawa katika ukimya ule nikijiona mimi ndiye mkosaji.

Mwisho wa mwezi wa nane mwalimu alikwenda Tunduma akarudi na kitabu cha pili. Nikawaita wote wawili, bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Wakakaa mbalimbali. Nikasoma. Zawena akapanda juu, akamkumbatia mama yake, akamwambia amekuja kumsalimia na atarudi kwa mumewe. Jirani akapiga kigelegele, kisha akamwona bibi, akakikatisha. Mle kitabuni, mama yake Zawena alimfungia mwanawe chakula cha njiani akamwambia aende kwa amani, na aje tena.

Bibi alizirudisha kichanjani punje za kahawa zilizokuwa mkononi.

"Huyu mama amenishinda akili," akasema. Akaingia ndani, akatoka na zile barua mbili zimejaa masizi. "Soma na hizi."

Zote mbili zilisema jambo moja: mama anaomba ruhusa ya kuja nyumbani. Tuliandika jibu palepale, bibi akitamka, mimi nikiandika, jirani akiongeza maneno matamu ambayo bibi aliyakataa nusu.

Mama alikuja mwezi wa kumi na mbili pamoja na mumewe, mtu mrefu mwenye haya, Kiswahili chake kimechanganyika na Kibemba. Bibi alimtazama miguu kwanza, maana vitabu vile vilisema majini wana kwato. Alipoona viatu vya kawaida vimejaa vumbi, akampokea begi.

Bibi hayupo sasa. Jirani naye alitangulia. Mwalimu alihamishwa kabla sijamwambia hisabati yake ilifanya nini nyumbani kwetu. Siku hizi riwaya ni nyingi kuliko nafasi ya kuzisoma, na nyingi nazilia, lakini nazisoma kwa macho tu, peke yangu. Kusoma kule kwa makelele, watu wakimgombeza mhusika na kununiana kwa ajili yake, sikuoni tena popote. Mwezi ule wa kumi na mbili niliombwa nianze upya riwaya ya Zawena, ukurasa wa kwanza. Mama alikuwa ameketi karibu na bibi, bega kwa bega, na bibi hakuacha kumgusa kiwiko akimnong'oneza, "Sikiliza hapa. Hapa ndipo anapoanza kunitesa."